Giaboksi imekufa, na wenye waranti wamenigomea

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mtu wa Muheza, sasa naishi Columbus, jimbo la Ohio. Nafanya kazi zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee upande wa pili wa mji, na basi za saa ninayotoka hazinifikishi nyumbani kabla watoto hawajaamka kwenda shule. Bila gari sina kazi.

Mwezi wa tatu mwaka jana nilinunua gari la Kijapani, yale ya juu kidogo ya familia, toleo la 2017, kwenye yadi moja ya hapa mjini. Lilikuwa na maili 71,000. Bei dola 13,800, nikatanguliza 2,000, iliyobaki mkopo wa miaka mitano. Tulipomalizana na muuzaji wakanipeleka chumba kingine kwa kijana wa mikopo. Huyo ndiye aliyeniuzia waranti ya nyongeza. "Mama, injini, giaboksi, AC, kila kitu. Wewe ulale usingizi." Bei yake hakuitaja. Alisema tu malipo yangu ya mwezi yatapanda kama dola 67. Nyumbani ndipo nilipoona kwenye karatasi: dola 2,895, miaka mitatu au maili 36,000, na zote zimeingizwa ndani ya mkopo. Nalipa dola 368 kila mwezi na sijawahi kuchelewa.

Wiki mbili zilizopita natoka kazini alfajiri, naingia barabara kuu, nakanyaga mafuta, injini inalia na gari haliendi. Linatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikajikongoja nalo mpaka gereji. Fundi akapima kwa mashine, akasema giaboksi imekwisha, ni ile ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, na kuweka iliyoundwa upya ni dola 4,750. Nikamwambia nina waranti. Akawapigia wenye waranti mbele yangu. Baada ya siku tatu nikapigiwa mimi: hawalipi. Sababu ya kwanza, sina ushahidi kwamba oili ya giaboksi ilibadilishwa. Ya pili, wanaona tatizo lilikuwepo kabla sijanunua gari. Nikilalamika sana, wakasema, basi giaboksi ifunguliwe waangalie ndani, kazi ya dola 950, na wasipoona cha kulipia hela hiyo ni juu yangu. Gari sasa lina maili 86,400.

Nikawapigia bima, maana ninayo ile kubwa. Wakaniambia giaboksi si ajali.

Shemeji yangu ana mawazo mawili. La kwanza, niache kulipa mkopo, eti gari bovu halilipiwi. La pili, kuna watu wananipigia simu kila wiki kuhusu waranti ya gari, na kadi zinakuja kwa posta zimeandikwa "taarifa ya mwisho". Anasema nijiunge na hao, nikae mwezi, halafu niseme giaboksi imeharibika.

Mjomba, nina dola 3,100 tu, na ni za mabati ya nyumba ya mama. Mama anajua bati zinanunuliwa mwezi ujao. Nifanyeje?

Mama Wawili, Columbus

*

Marahaba, mpwa wangu, na pole sana.

Nianze na shemeji, maana ushauri wake ndio unaoweza kukuumiza mapema kuliko giaboksi yenyewe. Mkopo endelea kuulipa. Benki haikukuuzia giaboksi, ilikukopesha hela, na ukiacha kulipa watakuja kulivuta gari usiku kutoka maegesho ya kazini kwako bila kubisha hodi. Wataliuza mnadani kwa bei ya chuma, tofauti watakudai wewe, na doa litabaki kwenye rekodi yako ya mikopo kwa miaka. Kwa hesabu yangu ya haraka, kama riba yako ni ya kawaida kwa mikopo ya yadi, bado unadaiwa kama dola 13,000. Gari lenye giaboksi iliyokufa halifiki hata nusu ya hizo.

Wazo lake la pili ni baya zaidi. Kununua waranti huku unajua gari ni bovu, kisha ukaomba kulipwa, ni udanganyifu, na wao ndio wa kwanza kuuliza maili ziko ngapi na fundi aliligusa lini. Na hao wanaokupigia simu si wageni kwa serikali. Agosti 2023 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoza faini ya karibu dola milioni 300 kwa kundi moja lililokuwa likipiga simu za kurekodiwa kuhusu "waranti ya gari lako". Kwa miezi mitatu tu ya mwaka 2021 walipiga simu zaidi ya bilioni tano, kwa namba zaidi ya milioni 500. Kwa hiyo usidhani wamekupata wewe kwa sababu wanalijua gari lako. Kadi ya "taarifa ya mwisho" nayo ni tangazo lililovalishwa nguo za serikali.

Sasa tuje kwenye karatasi yako.

Ulichouziwa si ahadi ya kiwanda. Kiwanda kilichounda gari lako kilitoa waranti yake lilipokuwa jipya, na kwa magari mengi ya Kijapani sehemu ya injini na giaboksi huisha kwa miaka 5 au maili 60,000, chochote kitakachotangulia. Ulipolinunua na maili 71,000 hiyo ilishapita. Wewe una mkataba na kampuni nyingine kabisa, ambayo yadi iliuuza kwa niaba yake na kula kamisheni nzuri. Kampuni hiyo inapata faida kwa kukusanya zaidi ya inacholipa. Sisemi ni wezi. Nasema hakuna mtu pale ambaye kazi yake ni kukuonea huruma, na kinachokulinda ni maneno yaliyoandikwa kwenye kijitabu ulichopewa, si yale ya kijana wa mikopo. Hata kampuni kubwa zenye matangazo ya runinga zimebanwa kwa tofauti hiyo: Julai 2024 CarShield ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza kesi ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, iliyodai kwamba matangazo yake yaliahidi zaidi ya kile mikataba ilicholipia.

Kwa hiyo kitafute hicho kijitabu leo. Ukikikosa, wapigie wakutumie nakala nzima, si ukurasa wa kwanza wenye jina lako na bei.

Ndani yake kuna kurasa tatu zinazokuhusu: vitu vinavyolipiwa, vitu visivyolipiwa, na wajibu wako wa matengenezo. Huo wa tatu ndio uwanja wako wa vita, kwa sababu ndiko walikotoa sababu yao ya kwanza. Mikataba mingi ya namna hii haisemi "badilisha oili ya giaboksi kila maili kadhaa." Inasema ulitunze gari kwa ratiba ya aliyeliunda. Basi fungua kitabu cha gari, kile kinachokaa kwenye droo ya dashibodi (kama hakipo, viwanda vingi vimeviweka kwenye tovuti zao bure), uangalie ratiba inasemaje kuhusu oili ya CVT. Hapa ndipo watu wengi hushinda bila kujua wangeshinda. Kwa magari mengi ya CVT kitabu kinataka oili *ikaguliwe* kila baada ya maili fulani, na kuibadilisha kunatajwa kwa gari linalofanyishwa kazi ngumu tu, kama kuvuta trela. Kama chako kinasema hivyo, na mkataba unasema ufuate kitabu, wanakudai risiti ya kazi ambayo hakuna aliyekuagiza uifanye. Piga picha kurasa zote mbili, ziweke pamoja.

Na kama kitabu kinataka oili ibadilishwe, tazama ni kwenye maili ngapi. Gari umekuwa nalo kuanzia 71,000 hadi 86,400. Kama zamu ya kubadilisha ilikuwa maili 60,000, hiyo ni ya mwenye gari wa kwanza, na sharti la kawaida la mikataba ni utunze kumbukumbu tangu tarehe uliyonunua wewe. Kusanya risiti zako zote za oili ya injini kwa kipindi hicho. Zile za gereji za haraka zimo kwenye kompyuta zao, ukitaja namba ya gari wanakuchapia. Kama shemeji ndiye aliyekuwa anakubadilishia oili nyuma ya nyumba, risiti ya duka la oili na filta nayo inafaa. Na wasikubabaishe kwamba ulipaswa kwenda kwa wakala wa kiwanda: kwa waranti za kiwanda sheria ya shirikisho ya mwaka 1975 inakataza kukufunga kwa gereji moja, na kwa mkataba kama wako jibu limo kwenye ukurasa uleule wa matengenezo. Wengi wanakubali gereji yoyote yenye leseni.

Sababu yao ya pili, kwamba tatizo lilikuwepo kabla, ni nyepesi. Umeliendesha miezi 14 na maili 15,400. Giaboksi ya CVT iliyokuwa inakufa siku unanunua isingekubeba hivyo katika baridi ya Ohio. Muombe fundi akuandikie mistari michache: namba za hitilafu alizozisoma kwenye mashine, tarehe ziliporekodiwa kama zinaonekana, hali ya oili aliyoitoa, na kauli yake kwamba ni kifaa cha ndani kilichovunjika, si uvujaji wala gari kuchemka. Oili mwambie aiweke kidogo kwenye chupa safi, aandike tarehe. Ikiwa nyeusi na ina vumbi la chuma, hiyo ni habari ya ndani ya giaboksi bila kuifungua.

Ndiyo maana zile dola 950 nakuomba usizisaini bado. Ukisaini, wewe ndiye uliyeagiza kazi, na giaboksi ikishakuwa vipande mezani huna pa kwenda isipokuwa kulipa. Kwanza wakuandikie ni kitu gani wanakitafuta humo, na kikionekana watalipa nini. Kama wanataka wenyewe kuangalia, mikataba mingi inawaruhusu kutuma mkaguzi wao kwa gharama yao. Waombe hivyo. Na upande wa gereji, kumbuka kwamba Ohio kazi inayozidi dola 50 unaweza kudai makadirio kwa maandishi, na bili isipande zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio bila wewe kukubali. Fundi mzuri hatachukia ukilitaja hilo.

Kila kitu kuanzia sasa kiwe kwa maandishi. Walikupigia simu kukukatalia. Simu haina kopi. Waandikie barua pepe fupi hivi: "Naomba barua ya kukataa dai langu, ikitaja kifungu cha mkataba mlichotumia na ukurasa wake, pamoja na ripoti yoyote ya mkaguzi." Usieleze habari za watoto wala zamu ya usiku. Ukishapata barua, rudisha rufaa ukiambatanisha picha za kitabu, risiti na maelezo ya fundi. Wape siku 14. Uwaambie kwamba baada ya hapo unakwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Ohio, na ukishasema hivyo uende kweli: ofisi yake ina kitengo cha kulinda walaji, malalamiko yanajazwa mtandaoni bila ada, na kampuni huombwa kujibu. Nimeona madai yaliyokaa miezi yakifufuka mara barua ya ofisi hiyo ilipotua mezani.

Wakikomaa, ipo mahakama ya madai madogo. Ohio kikomo chake ni dola 6,000, na dai lako linaingia humo. Kwenu ni mahakama ya manispaa ya Franklin County, na hulazimiki kuwa na wakili. Mikataba mingi ina kifungu cha kukupeleka kwa msuluhishi badala ya mahakama, lakini mara nyingi kifungu hichohicho kinaacha mlango wa madai madogo wazi. Soma kabla hujalipa ada.

Jambo jingine la kufanya usiku mmoja ukiwa mapumzikoni kazini: ingiza namba ya chesesi, zile herufi na tarakimu 17 za kwenye kioo cha mbele, kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA. Kama kiwanda kimeyaita magari ya aina yako kwa hitilafu ya usalama, matengenezo ni bure hata kama wewe ni mwenye gari wa tatu, ilimradi gari halijapita miaka 15. Halafu mpigie wakala yeyote wa kiwanda chako, umpe namba hiyohiyo, umuulize kama giaboksi ya gari hilo iliongezewa waranti. Swali hili watu hawaliulizi. Nissan ilirefusha waranti ya CVT kwa baadhi ya magari yake kutoka maili 60,000 hadi 84,000, na Hyundai na Kia zilitoa waranti ya maisha kwa sehemu ya injini kwenye baadhi ya magari yao ya miaka ya 2010 baada ya kesi za wateja. Hata kama umechelewa kwa maili chache, wakala anaweza kukuombea kiwanda kichangie. Huwa hawatangazi, lakini mteja mwenye risiti na ulimi mtaratibu hupewa.

Kuhusu yadi sina matumaini makubwa, ila tafuta ile karatasi iliyokuwa imebandikwa dirishani. Tangu 1985 kila muuzaji wa magari yaliyotumika lazima aibandike na akupe nakala, ikionyesha kama gari linauzwa "lilivyo" au kwa waranti ya yadi. (Biashara ikifanyika kwa Kihispania lazima iwe ya Kihispania. Kiswahili bado hatujafika huko.) Kisha angalia kwenye mkataba nani anayewajibika kulipa. Kama ni yadi yenyewe iliyoingia mkataba huo nawe siku ya mauzo, sheria ileile ya 1975 inaizuia kukimbilia neno "lilivyo", na hapo nenda ofisi ya msaada wa sheria ya Columbus. Kwa kipato chako huenda wakakusikiliza bure. Kama ni kampuni nyingine, usipoteze wiki kugombana na yadi.

Mkataba wenyewe usiuvunje sasa. Ukiuvunja leo, dai limekufa nao. Lakini ukishamaliza kupigana na umeshindwa, uvunje siku hiyohiyo, kwa sababu hela ya muda usiotumika hurudi. Hesabu yako ni hii: kwa miezi umebakiza 22 kati ya 36, ambayo ni kama dola 1,770, kwa maili umebakiza 20,600 kati ya 36,000, kama dola 1,655. Watachukua ndogo, wakate ada yao. Haitakuja mfukoni mwako, itakwenda kwenye mkopo kupunguza deni, kwa hiyo usiipangie bati. Na wakilipa giaboksi, soma kiasi unachotakiwa kutoa mwenyewe kwa kila tengenezo, mara nyingi dola 100 au 200, na kama wanarudisha hela ya gari la kukodi kwa siku zile gari liko gereji. Hilo la mwisho ni lako na wengi hawalidai.

Tuseme wamegoma kabisa. Dola 4,750 ni bei ya gereji moja. Pata mbili nyingine, mojawapo iwe ya watu wa giaboksi tu, na uliza habari ya giaboksi ya mtumba kutoka yadi ya magari yaliyoanguka. Usitazame bei peke yake. Uliza wanaibeba kwa muda gani ikifa tena, na kama kazi ya kufunga imo. Giaboksi ya mtumba yenye siku 30 ni kamari. Iliyoundwa upya yenye waranti ya miaka miwili au mitatu ni kitu. Kwa deni ulilonalo, kulitengeneza ni nafuu kuliko kulibadilisha, kwa maana yadi itakayolipokea gari bovu itachukua deni lako la zamani, ilibebeshe gari jipya, uanze upya ukilipia magari mawili na kuendesha moja. Mkopo mdogo wa chama cha akiba na mikopo, ambacho wao huita *credit union*, utakutoza riba ndogo kuliko kadi. Katikati ya hayo, muombe mwenzako wa zamu lifti na umchangie mafuta.

Waranti ya nyongeza nyingine usinunue. Chukua zile dola 67 uziweke kila mwezi kwenye akaunti isiyo na kadi. Ni sawa na dola 800 kwa mwaka, na hakuna atakayekuuliza risiti ya oili siku ukizihitaji.

Na mama umpigie wiki hii. Mwambie bati zimesogea, na usimpe tarehe mpya mpaka barua ya pili ya hao watu ifike. Watu wa Muheza wanajua mvua inaanza lini, kwa hiyo kama paa lina tundu, mtumie kidogo cha turubai na misumari sasa, ubaki na nyingine mkononi.

Wakijibu rufaa yako, nitumie nakala ya barua yao pamoja na ule ukurasa wa matengenezo. Jina lako na namba ya chesesi vifute kwanza.

Mjomba